Nilivyoupima udongo unaokataa maji

Kwa misimu miwili nilimwagilia tuta lile lile kila jioni, na kila asubuhi nikaikuta miche ya upande mmoja imelala. Nikaongeza maji, miche ikazidi kulala. Siku moja, mara tu baada ya kumwagilia, nikachimbua kwa kidole. Juu palikuwa na unyevu wa kina cha ukucha, na chini yake vumbi kavu kabisa. Maji yote yale yalikuwa yakitiririkia pembeni au kuzama kupitia vijia vichache vyembamba, huku mizizi mingi ikibaki na kiu.

Kwanza nilidhani ni ugaga, lile gamba gumu linalojifanya juu ya udongo. Lakini ugaga ukiuvunja, maji huingia. Huu wangu niliuvunja, nikausaga kwa vidole hadi ukawa unga, na bado tone lilisimama juu yake kama umande juu ya jani la yungiyungi. Udongo wenyewe ulikuwa unayakataa maji. Chembe zake hupakwa nta na mafuta kutoka kwenye majani yanayooza, mizizi na nyuzi za kuvu, na udongo ukikauka utando huo huwa kinga dhidi ya maji. Udongo wa kichanga ndio huathirika upesi, kwa kuwa chembe zake ni kubwa na nta kidogo tu inatosha kuzifunika. Kona yangu ilikuwa ya kichanga, chini ya mikaratusi, na ndipo nilipozoea kuchomea majani makavu.

Kipimo cha kwanza ni chepesi: dondosha tone, hesabu muda hadi linywewe. Chini ya sekunde 5, udongo hauna tatizo. Sekunde 5 hadi 60, ukataaji ni hafifu. Hadi 600 ni mkubwa. Kuanzia dakika 10 hadi saa 1 ni mkali. Zaidi ya hapo umepindukia. Nilichota udongo wa juu, ukiwa bado na unyevunyevu, nikadondosha. Sekunde 3! Nikaamini kwamba lile tone la siku ile lilikuwa la bahati mbaya tu, nikapoteza mwezi mzima nikishughulika na mbolea na wadudu.

Nilikuwa nimekosea mara mbili. Udongo wenye unyevu wa kutosha huficha tabia hii. Hujitokeza unapokauka na kushuka chini ya kiwango fulani cha maji. Halafu nilipima mahali pasipostahili. Moto ukiwaka juu ya ardhi, mvuke wa zile nta hushuka na kuganda kwenye udongo ulio baridi zaidi chini. Joto la nyuzi 175 hadi 200 za Selsiasi huzidisha ukataaji, lakini likipanda zaidi ya 280 huanza kuziunguza nta zenyewe. Ndiyo maana mahali palipochomwa, uso unaweza kunywa maji vizuri na tabaka la chini likayakataa.

Mara ya pili nilichota udongo wa juu, wa sentimita 2 na wa 10, kila mmoja kwenye kisahani chake. Nikauanika kivulini hadi ukakauka kabisa, nikauchekecha, nikausawazisha bila kuushindilia. Nilitumia maji yaliyokenekwa na chupa tupu ya dawa ya macho, nikidondosha kwa karibu sana, maana tone likianguka kutoka juu hujichimbia njia lenyewe. Kila kisahani kilipata matone saba, nami nikachukua muda wa lile la katikati. Wastani ungenidanganya: tone moja hutoweka mara moja na jirani yake likakaa nusu saa. Matone yaliyokawia niliyafunika kwa kifuniko, nisije nikahesabu maji yaliyokwenda hewani kana kwamba yameingia ardhini.

Juu nilipata sekunde 9. Kwenye sentimita 2, dakika 14. Kwenye sentimita 10, sekunde 4. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu hatimaye nilijua adui yuko wapi na ana unene gani.

Muda wa tone, hata hivyo, hueleza ukataaji unadumu kiasi gani, si una nguvu gani. Kwa nguvu kuna kipimo cha ethanoli, yaani kile kilevi kilichomo kwenye spiriti. Ethanoli hupunguza mvutano wa uso wa maji, ile nguvu inayolishikilia tone lisitawanyike, kwa hiyo unaandaa myeyusho wenye viwango vinavyopanda, na kutafuta ule wa chini kabisa ambao tone lake huingia ndani ya sekunde 10. Lita moja ya myeyusho wa molari 1 (molari hueleza ethanoli iliyomo katika kila lita) ilinitaka mililita 61 hivi za spiriti ya asilimia 96, iliyobaki maji. Tabaka langu la sentimita 2 lilikubali kwenye molari 2.4. Katika madaraja aliyoyatoa mtafiti wa udongo P. M. King huko Australia mwaka 1981, zaidi ya 2.2 ni ukataaji mkali, kwa hiyo vipimo vyote viwili vilisema jambo moja.

Niliacha kuchoma majani. Nikatandaza udongo wa mfinyanzi na kuuchanganya hadi sentimita 10, kwani chembe zake laini hufunika zile zenye nta. Ukiuacha juu tu hausaidii kitu. Kumwagilia nikakugawa mara mbili: maji kidogo kwanza, nusu saa baadaye mengine, yote ndani ya vishimo kando ya miche.

Ukame uliofuata nilipima tena: sekunde 40 kwenye sentimita 2. Bado ukataaji hafifu upo, na ncha moja ya tuta, ambako mfinyanzi uliniishia, inasoma dakika 6. Huko nitaongeza kabla mvua hazijaanza.