Panya Ndani ya Piano

Juzi binti yangu, macho yakiwa kwenye simu, aliniuliza, "Mama, paka huyu anapiga kweli au anajifanya tu?" Nilipoinama kutazama nilimkuta Tom, yule wa Tom na Jerry, amevaa koti jeusi lenye mikia, mbele yake piano kubwa, na kabla sijamjibu mtoto, nikawa nimeshafika Kikwajuni, Unguja, sebuleni kwa bibi, jioni ile Ami, ndugu yake baba, alipoifunika televisheni kwa kanga.

Kaseti ya video yenye katuni ile ilikuwa imeletwa na shangazi kutoka Muscat, nasi tulikuwa tumekwisha kuitazama mara nyingi hata tukawa tunacheka kabla ya kichekesho chenyewe kufika. Ami hakuwa mtu wa katuni. Alikuwa mpiga ganuni, ile ala ya taarab ya nyuzi nyingi, na jioni hiyo alikuwa anapita tu kuelekea mazoezini klabuni, ganuni ikiwa kwapani ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Alisimama mlangoni, akasikiliza, kisha akaiegemeza ganuni ukutani na kuketi mkekani pamoja nasi. Filamu ile ni ya dakika saba hivi. William Hanna na Joseph Barbera waliiongoza huko Marekani, ikatoka mwaka 1947 na kupata tuzo ya Oscar ya katuni fupi. Hakuna anayesema neno ndani yake. Tom anapiga Rapsodi ya Kihungari Namba 2, kipande cha piano cha mtunzi Franz Liszt, mbele ya hadhira, naye Jerry, aliyekuwa amejilalia ndani ya piano juu ya zile nyundo ndogo zinazogonga nyuzi, anarushwarushwa hadi usingizi unamtoka, na hapo vita vinaanza.

"Irudishe mwanzo," Ami alimwambia kaka yangu. Kaka aliirudisha. Ami akaichukua kanga ya bibi iliyokuwa kitini, akaitandaza juu ya televisheni hadi kioo chote kikafunikwa. Tulipiga kelele, tukamwambia sasa tutaona nini. "Bashrafu inaimbwa?" alituuliza. Tukajibu kwamba bashrafu, muziki wa taarab wa ala tupu, haiimbwi. "Na watu huisikiliza au hawaisikilizi? Basi tulieni."

Mwanga wa televisheni ulipenya kwenye kanga, maua yake mekundu yakawaka, na nyuma yake kivuli kikawa kinakwenda huku na huku. Muziki ulianza polepole, kwa sauti nzito za chini, nami kwa mara ya kwanza nikausikia bila paka. Ami alikuwa ameweka mikono juu ya magoti. Vidole vyake viwili vya shahada, vile ambavyo mpiga ganuni huvivisha pete za kushikia vipande vya kukwanyulia nyuzi, vilikuwa vinacheza juu ya shuka yake, kimoja kikishuka kingine kikipanda, vikiifuata piano kwa karibu sana. Mwendo ulipogeuka kuwa wa kasi, sauti moja ndogo ikawa inapigwa na kurudiwa mahali pale pale, haraka haraka, naye akainua mkono. "Hiyo ni ganuni." Kaka akasema kwa adabu kwamba ni piano, Ami. "Na ndani ya piano mna nini?" Hakungoja jibu. Alisubiri hadi karibu na mwisho, kisha akaivuta kanga kwa mkupuo mmoja, na pale kwenye kioo alikuwepo Jerry, amekwisha kuvunja nyundo mbili, anazigonga nyuzi zenyewe kwa mikono miwili huku Tom akihemea. Mara zote tulizoitazama kaseti ile, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameziona zile nyuzi. Ami alicheka kuliko sisi, akaichukua ganuni yake yenye nyuzi zaidi ya 70, akaenda zake mazoezini.

Ukubwani, Ami akiwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, nilisoma kwamba Liszt alizaliwa Hungaria mwaka 1811, kwamba alivutiwa sana na bendi za wanamuziki wa jamii ya Waroma, wale waitwao Wajipsi, wa nchi ile, na kwamba katika sehemu ya kasi ya rapsodi hiyo, aliyoitunga mwaka 1847, piano inaiga simbalomu, ala ya nyuzi nyingi zilizolazwa juu ya sanduku la mbao na kugongwa kwa vijiti viwili. Niliusoma ukurasa ule nikiwa nimesimama. Ami hakuwahi kuiona simbalomu, wala hakuwahi kunitajia jina lake.

Mwaka jana nilimsikilizisha rapsodi hiyo kijana mmoja anayejifunza ganuni, bila kumwambia lolote. Alisikiliza kwa makini hadi mwisho, akasema ni piano nzuri sana, ila yeye hasikii ganuni yoyote humo. Ganuni hukwanyuliwa, aliniambia, haigongwi, na sauti zake ni nyingine kabisa. Huenda ana haki, maana ndiye aliyezishika nyuzi zenyewe, nami sikuzishika. Lakini kila ninapofika pale sauti inaporudiwa, mimi naisikia, na siwezi kupambanua kama imo katika muziki wa Liszt au ni Ami aliyenitilia sikioni. Kijana yule nimemwomba aje na ganuni yake tuisikilize tena.