Lita moja ya maji ya bahari, majibu matatu

Miaka mitatu nilifundisha kutenganisha michanganyiko kwa chaki tupu. Kidato cha pili walikariri, wakafaulu. Ukiwauliza chumvi ya Nunge inapatikanaje, wanaduwaa, na hapa ni Bagamoyo, wengine hupita kando ya majaruba ya kukaushia chumvi kila asubuhi.

Muhula uliopita nikabadili. Kila kundi lilipata lita moja ya maji ya bahari, sufuria, jiko la mkaa na swali moja tu: humu mna chumvi kiasi gani? Mizani niliazima kwa muuza viungo sokoni. Jibu la vitabuni, takriban gramu 35, nilikaa nalo moyoni. Kunyamaza kulinitaka nguvu kuliko kupuliza mkaa.

Kiingereza kilibaki darasani. Kwenye moshi walibishana kwa Kiswahili, na maswali ambayo sijawahi kuyasikia yakaanza kutoka. (Sufuria moja iliungua. Nililipa.)

Kundi la kwanza likapata gramu 43, la pili 36, la tatu 24. Zamani ningesema "mmekosea" na kuandika jibu ubaoni. Safari hii nikawaambia wakaguane. La kwanza hawakuchuja, mchanga ulikwaruza chini ya sufuria. La pili walichuja kwa kipande cha kanga, wakakausha mpaka tone la mwisho. La tatu lina binti ambaye mjomba wake ni kibarua majarubani.

"Mwalimu, mjomba haachi maji yakauke yote. Ya mwisho huyamwaga, ni machungu."

Nao wakayamwaga. Moyoni nikasema hawa wamelipua kazi.

Kesho yake, karatasi ya kundi la pili ilikuwa imelowa na chumvi imegandamana. Ya kundi la tatu ilikuwa kavu, nyeupe, ukiitikisa inalia. Hapo ndipo kloridi ya magnesiamu, chumvi nyingine iliyomo baharini, ilipopata pa kuingilia: chumvi ya kula hutangulia kuganda, hiyo nyingine hubaki kwenye maji ya mwisho, chungu, na ikikaushwa hunyonya unyevu wa hewani. Sikuhitaji kuirudia mara mbili.

"Basi sisi tulipima na unyevu," akasema mmoja wa kundi la pili, akaifuta 36 yake. Sikumtuma.

Binti aliagiza kwa mjomba kidumu cha yale maji machungu. Kimefika Jumatatu, kiko chini ya meza yangu, na kundi la kwanza wameshaandika jina lao kwenye kifuniko.