Je, atarudi?

Tangu mgombea wangu ashindwe kwa kura chache, naulizwa kila mara kama ana nafasi tena. Nilikuwa wakala wake usiku ule wa kuhesabu. Kura inainuliwa, jina linasomwa, sisi tunachora mistari kwenye karatasi. Hadi sanduku la mwisho hatukujua nani anaongoza. Iliniuma sana, na bado inauma.

Lakini mtazameni Hakainde Hichilema wa Zambia. Januari 2015 alishindwa na Edgar Lungu katika uchaguzi wa rais kwa kura zisizofika 28,000. Mwaka 2016 akashindwa tena, safari hii kwa takriban 100,000, na mwaka uliofuata akawekwa ndani kwa miezi kadhaa akikabiliwa na shtaka la uhaini. Wengi walishamzika kisiasa! Mwaka 2020 nchi ikashindwa kulipa deni la nje, maisha yakawa magumu, na 2021 akambwaga Lungu yuleyule kwa karibu kura milioni moja.

Hichilema hakuwaacha watu wake katikati. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, maana wetu amenyamaza tangu matokeo yatangazwe. Mheshimiwa, mawakala wako bado tunapigiana simu. Tuite hata kikao kimoja kabla hatujatawanyika.