Fundi cherehani na saa yake ya mazoezi

Nimeambiwa na watu wengi mno kwamba mazoezi ni alfajiri, nje ya hapo unajisumbua bure. Naandika haya kwa sababu ushauri huo nusura uniachishe mazoezi kabisa, na najua kuna mtu mwingine hapa Moshi anaamshwa nao kesho.

Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko upande wa Majengo. Kazi yetu ni ya kukaa: mguu unakanyaga, mgongo umepinda, unainuka mchana kula tu. Nilipopimwa presha ikaonekana iko juu. Daktari akanipa vidonge, akaniambia nitembee kwa haraka au nikimbie taratibu nusu saa, siku tano kwa wiki. Jumla yake ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima. Hakutaja saa. Saa nilipangiwa na shemeji.

Shemeji amekimbia Kilimanjaro Marathon na medali zimetundikwa sebuleni, kwa hiyo kwenye habari za mbio neno lake nyumbani halipingwi. Akasema saa kumi na moja alfajiri, tumbo tupu, kupanda hadi Shanty Town na kurudi. Yeye saa tatu usiku keshalala. Mimi saa tano bado nafunga vifungo vya suti ya mtu.

Huku kwetu jua halichomozi mpaka saa kumi na mbili ipite, iwe Januari au Julai. Saa kumi na moja ni giza kabisa. Na Shanty Town ni mtaa wa mageti: mbwa hufunguliwa usiku, hufungiwa kunapopambazuka. Siku ya kwanza walinitoka wawili kwenye uzio uliobomoka. Shemeji akanishauri nibebe mawe. Nikabeba. Sasa fikiria mwanamume mwenye kofia, anakimbia gizani kwenye mtaa wa wenye nacho, mawe mikononi. Mlinzi akanimulika tochi usoni, akapiga filimbi, na wa geti la pili akaitikia. Nilisimama pale, mikono juu, nikieleza kwamba mimi ni fundi, kwamba hata tajiri yake nimemshonea kaunda suti. Walinielewa, lakini baada ya muda mrefu, na jasho lote lilikuwa limeshakauka.

Mwili nao ulikataa. Kiuno kikavu, magoti mazito, na mchana macho yanafumba nikitunga uzi kwenye sindano. Shemeji aliuita uvivu. Mteja wangu mmoja, anayefanya kazi ya kunyoosha viungo hospitalini, ndiye aliyeniondolea lawama hiyo. Alisema joto la mwili hushuka chini kabisa usiku wa kuelekea alfajiri, kisha hupanda taratibu mpaka alasiri na jioni, na misuli nayo huwa na nguvu zaidi wakati huo. Anayekimbia alfajiri kila siku mwili wake huzoea, lakini sharti awe amelala. Usingizi wa saa tano haumtoshi mtu mzima. Hapo nikaacha alfajiri na sikumwomba mtu ruhusa.

Lakini jioni ndiyo saa ya wateja! Wanatoka kazini, wanapita kuulizia nguo. Basi nikachukua daftari la vipimo, kurasa za nyuma, nikawa naandika kila saa nani kaja na kafuata nini. Fanya hivi na wewe, iwe una duka au una ofisi. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili kibaraza kilijaa, ila wengi waliondoka mikono mitupu. Walikuja kuuliza tu, "Mangi, imekwisha?", kwa sababu sisi mafundi tumewazoesha watu kutotuamini. Saa yangu iliyokuwa na watu wengi kuliko zote ilikuwa haiingizi chochote.

Nikatoa tangazo: nguo zinatoka saa moja jioni, si kabla. Nikaliandika kwenye kila risiti ya malipo ya awali, na nguo niliyoahidi nikahakikisha inakuwa imepigwa pasi. Wawili watatu walinung'unika. Waliobaki walifurahi kupata fundi mwenye saa ya kweli, na saa kumi na moja ikawa yangu. Kijana wangu anabaki kibarazani, mimi naingia barabarani na raba za mtumba kutoka soko la Memorial, elfu ishirini na kitu. Kwenda ni kupanda, kurudi ni kuteremka, na saa kumi na mbili na robo nimefika kabla bodaboda hazijaanza kunimulika machoni.

Desemba ndiyo iliyonithibitishia. Wachagga wanarudi nyumbani kula Krismasi, kila familia inataka vitambaa vya sare, na bado saa ile haikuguswa. Januari na Februari jua likichoma nasogeza mbele kidogo. Waliniambia pia mazoezi ya jioni hufukuza usingizi. Kinachosumbua ni kujikamua sana muda mfupi kabla ya kupanda kitandani. Mimi namaliza saa nyingi kabla, na nalala kama gogo.

Presha imeshuka. Vidonge bado nakunywa, daktari hajasema niache, na wewe usiache vyako kwa sababu ya andiko hili.

Sasa nimejiandikisha mbio za kilomita 21, zile zinazopanda kuelekea Mweka. Zinaanza asubuhi, na mwili hukimbia vizuri saa uliyoizoea, hivyo wiki chache za mwisho nitahamia asubuhi kukiwa kumeshapambazuka. Wateja nimeshawaambia: siku hizo kibaraza kitafunguliwa saa tatu, na nguo zitatoka saa moja jioni kama kawaida.