Neno lililonitoka Victoria

Juzi, dakika kama kumi kabla ya magharibi, mjukuu wangu alikuwa jikoni anapanga tende kwenye sahani, simu yake ameiegemeza kwenye chupa ya chai, muziki unatoka. Bibi yake akamwambia, "Zima hiyo, mwanangu. Kumi la mwisho hili." Mimi nilikuwa barazani. Nikasikia tarumbeta, na mpigaji nikamjua kabla hajaimaliza pumzi yake ya kwanza.

"Usizime," nikasema. "Umeitoa wapi?"

"Si ndio wale wa kwako, Babu? Wale uliosema uliwaona."

Niliwaona hao wapigaji jazi. Jumapili, tarehe 14 Novemba 1971, London, ukumbi wa Victoria, huu ambao siku hizi unaitwa Apollo Victoria. Mwaka ule nao ilikuwa Ramadhani, na kumi la mwisho vilevile. Hilo ndilo sikuwahi kumwambia bibi yake.

Tiketi alinunua mwenzangu wa chumba, kijana wa Freetown. Nilimkatalia siku tatu. Usiku huo nilitaka kwenda Regent's Park, kwenye ile nyumba ya Kituo cha Kiislamu tulikokuwa tukisali tarawehe, maana msikiti wenyewe ulikuwa haujajengwa. Akaniambia mpiga dramu, Art Blakey, ni Muislamu, alisilimu zamani akaitwa Abdullah Ibn Buhaina. Nikalishika neno hilo. Novemba jua la London huzama saa kumi na robo. Nikafuturu tende tatu na chai, nikasali, nikavaa koti.

Jazi nilidhani naijua. Nimekulia Tanga, mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kwetu jazi ilikuwa magitaa, saksafoni na sakafu ya kuchezea, na bendi isiyoinua watu vitini hatukuihesabu kuwa bendi. Sasa nimeingia kwenye ukumbi wa viti zaidi ya 2,000, watu wamekaa, koti mapajani, wanangoja kusikiliza. Ukumbi wenyewe ulijengwa 1930, na ndani umepambwa ufanane na chini ya bahari. Nilikuwa na miezi kumi na nne sijaiona bahari yetu. Nikakaa pale nikayatazama makombe ya ukutani mpaka taa zikazimwa.

Wakatoka sita. Dizzy Gillespie na tarumbeta, Sonny Stitt na saksafoni, Kai Winding na tromboni, Thelonious Monk kwenye piano, Al McKibbon kwenye besi, na Blakey nyuma yao. Kila mmoja angeweza kuita watu kwa jina lake peke yake. Gillespie na Monk walikuwa na miaka 54, rika la wajomba zangu. Miaka thelathini nyuma, katika kilabu cha Minton's huko Harlem, hao wawili na mpiga saksafoni Charlie Parker walikuwa wakikesha wakiuchukua muziki wa kuchezea na kuukimbiza, wakiubadilisha sauti zake za chini mpaka mpigaji asiyeuelewa ateremke jukwaani mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyolelewa jazi ile mpya iliyoitwa bebop. Parker alikufa 1955, hakuwahi kuzeeka nao.

Gillespie alipopuliza, mashavu yalivimba kama bunju. Mdomo mpana wa tarumbeta yake, unakotokea sauti, umeinuka juu: mwaka 1953, kwenye sherehe, mtu aliiangukia ikapinda, naye akaipenda sauti yake, tangu hapo akawa anatengenezewa za namna hiyo. Wakapiga A Night in Tunisia, na dramu za Abdullah nikazisikia kifuani, si masikioni.

Lakini macho yangu yalikuwa kwa wasikilizaji. Kila mpigaji akimaliza zamu yake, wimbo ungali unakwenda, watu wanapiga makofi. Kwenye taarabu aliyeguswa huinuka, akaenda taratibu kumtuza mwimbaji, kila mtu amwone. Hawa walitunza wakiwa vitini. Kushoto kwangu alikaa mzee wa Karibiani, kofia yake juu ya goti, akiwajibu kwa sauti ndogo: "Mm. Mm-hm." Ungedhani anapewa habari za nyumbani, na anayempa hajakosea hata jina moja.

Kisha ukaja ule wa usiku wa manane, 'Round Midnight, ambao Monk mwenyewe ndiye aliyeutunga. Tangu mwanzo alikuwa hajainua uso. Tarumbeta ikashuka, piano ikaachiwa nafasi. Vidole vyake vilikuwa vimenyooka, havikukunjwa kama vya wapiga piano wengine. Akagusa, akaacha. Akagusa tena, akaacha muda mrefu zaidi. Katika kuacha kule niliusikia ukumbi wote: kiti kinalia mahali, mtu anaumeza mkohoo wake.

Nikamkumbuka babu yangu, Ngamiani, na redio yake. Usiku wa Ramadhani alikuwa akiitafuta Cairo, na Sheikh Abdul Basit anasoma. Sheikh akifika kituo cha aya ananyamaza, na waliokuwa msikitini kule Misri wanapasuka, "Allaah!" Na babu yangu, juu ya mkeka wake Tanga, anaitikia pamoja nao. Alikuwa akituambia kusoma ni kwa sheikh, kile kimya ni chetu.

Monk akagusa noti mbili zilizobanana, zisizopatana, akaziacha zining'inie.

"Allaah!"

Ni mimi. Kwa sauti, kama niko Ngamiani. Vichwa viligeuka. Mikono ikawa baridi, nikakumbuka ni usiku gani na wenzangu wakati ule wamesimama wapi. Mzee wa Karibiani hakucheka. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, akauacha hapo mpaka wimbo ukaisha, na mimi nilikuwa nalia.

Mengine yalipita. Treni, baridi, mwenzangu anaongea njia nzima. Nikasali isha na tarawehe peke yangu chumbani hadi daku. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba kesho yake, tarehe 15, Monk aliingia studio mle mle London pamoja na McKibbon na Blakey, na hizo ndizo rekodi zake za mwisho za studio kwa jina lake mwenyewe. Alifariki 1982, miaka yake ya mwisho akiwa hagusi piano mbele ya watu.

Nimewauliza masheikh mambo mengi maishani. Hilo sijauliza. Wakiniambia nilikosea, sitajua niyafanye nini yale machozi. Wakiniambia hapana neno, sidhani nitawaamini. Neno lilinitoka kwa ukweli, hilo nina hakika nalo. Mahali ndipo sina hakika.

Onyesho la usiku ule lilirekodiwa, santuri ikatoka, nikainunua. Hayo yote juzi nilimweleza mjukuu wangu kwa sauti ya chini, bibi yake yuko jikoni.

"Kwa hiyo sauti yako imo humu, Babu?"

"Sijawahi kuisikia."

Akautafuta wimbo, akaiweka simu sikioni, akafumba macho. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena.

"Hapa," akasema. "Kuna mtu kasema kitu."

Akanipa. Nikasikia piano, halafu kile kimya, halafu piano. Masikio yangu si yale ya 1971.

"Subiri nikuongezee sauti," akasema, na mwadhini akaanza. Akaifunika simu kwenye mkeka, akaenda kuchukua tende.