Kimo cha freti na mkono wangu wa kushoto

Kwa miaka 11 nilipiga solo kwa gitaa moja tu, nakala ya gitaa la umeme la Stratocaster niliyoinunua mtumba hapa Dar es Salaam wakati bado napiga kwaya kanisani. Freti zake, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa shingo, zilikuwa ndogo tangu zilipotoka kiwandani, na mimi nikazitumia mpaka zikalika. Chini ya nyuzi mbili nyembamba kulikuwa na vishimo ambavyo ukipitisha ukucha unavihisi. Sikuona kama ni tatizo. Vidole vyangu vilishazoea kwamba kila noti ina ubao chini yake: unabonyeza, unakutana na mti, kidole kinatulia.

Mwaka juzi nikapata gitaa la pili, lenye freti kubwa zinazoitwa jumbo. Dukani nililijaribu kwa dakika kama 10 bila amplifaya. Vidole viliteleza vizuri mno, karibu sikuhisi ubao, nikalipa siku hiyohiyo. Jumamosi nikaenda nalo kazini. Bendi yetu hupiga dansi hotelini, na watu wanakuja kwa ajili ya sebene.

Sebene ikaanza, nami nikasikia kitu kibaya kinatoka kwenye spika yangu mwenyewe. Kwenye sebene solo unazipiga noti mbilimbili, sauti ni safi haina mikwaruzo ya distoshen, na rizimu inazunguka kodi zilezile tatu robo saa nzima. Noti moja ikipanda kidogo, kila mwenye sikio anaisikia. Zangu zilikuwa zimepanda, tena si kwa kiasi kimoja: hii imepanda sana, ile kidogo. Mapumzikoni mpiga besi akanijia.

“Kaka, tyuni gitaa.”

“Nimetyuni.”

“Basi tyuni tena.”

Nikatyuni tena na hali ikabaki ileile. Wiki mbili zilizofuata nilihangaika na kila kitu isipokuwa mkono wangu. Nikaweka nyuzi mpya. Nikasogeza vitandiko vya nyuzi kwenye briji, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, mpaka noti ya freti ya 12 ikalingana kabisa na uzi mtupu. Uzi mtupu ulikuwa sawa, freti ya 12 sawa, lakini nikipiga kodi ya kawaida pale freti ya pili na ya tatu, makosa yanarudi. Nilifika mahali pa kutafuta mtu wa kumuuzia.

Kuna mzee mmoja anatengeneza magitaa barazani kwake. Nikampelekea.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Lilete nilione.”

Alilipiga yeye kwanza, kodi tatu na kipande cha solo cha mtindo wa Mbaraka Mwinshehe, na gitaa likalia sawasawa. Ni gitaa lilelile na nyuzi zilezile. Ile hali iliniumiza, nasema kweli, maana nilishajiandaa kusikia kwamba shingo imepinda.

Akabana tyuna ndogo kichwani mwa gitaa, akanirudishia. “Bonyeza uzi wa tatu, freti ya pili, kama unavyobonyeza siku zote.” Mshale ukaenda kulia, senti 14 juu ya noti. Nusu toni nzima ni senti 100, kwa hiyo 14 ni kosa ambalo halihitaji kipimo kulisikia. “Sasa legeza kidole kidogokidogo, ila usiuachie uzi.” Nikalegeza. Mshale ukaanza kurudi: 9, 5, 2, ukasimama katikati, na noti bado inalia kwa sauti ileile. Nikainamisha kichwa kuangalia kidole. Kilikuwa kinaelea, hakijagusa ubao.

“Hapo,” akasema. “Nguvu uliyokuwa unaiongeza haikupi sauti. Inavuta uzi tu.”

Alichukua kipimo cha venia akanipimia magitaa yote mawili. Lile la zamani, katikati ya shingo, freti zilibaki na kimo cha milimita 0.6. Jipya lilikuwa na 1.4, na upana wa 2.8. Kwenye freti iliyolika, ubao unakizuia kidole mapema, kwa hiyo hata ukikamia huwezi kuuvuta uzi mbali. Kwenye freti iliyoinuka kuna nafasi chini ya uzi, na ukibonyeza kwa hasira uzi unazama kwenye nafasi hiyo, unakazika, noti inapanda. Miaka 11 ubao ulikuwa unanifunika makosa ya mkono mzito.

Kazi ya kujirekebisha ilichukua miezi mitatu. Kila jioni dakika 20, gitaa kwenye amplifaya, tyuna kichwani. Nilikuwa naweka kidole juu ya uzi bila kubonyeza, napiga kwa kulia, naongeza nguvu taratibu mpaka mkwaruzo unakatika na noti inatoka, halafu naishia hapo. Nikagundua kwamba kidole kikikaa nyuma tu ya freti, nguvu inayohitajika ni ndogo kuliko kikikaa katikati ya nafasi. Jambo hilo niliambiwa nikiwa mwanafunzi, ila kwenye freti ndogo sikuwahi kuliona likinisaidia. Nyumbani nilifanikiwa mapema. Jukwaani ilikuwa vita, kwa sababu sebene ikipamba moto mkono unakaza wenyewe. Kilichonisaidia huko ni kuhama kutoka seti ya nyuzi inayoanzia 9 kwenda inayoanzia 10, yaani unene wa uzi mwembamba kuliko wote kwa sehemu za elfu za inchi. Uzi mnene kidogo unastahimili zaidi. Baadaye nikasoma kwamba Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa wa bluu wa Marekani, alikuwa anapiga freti jumbo kwa nyuzi zilizoanzia 13, na kwangu hesabu ikakaa sawa.

Mkono ulipokuwa mwepesi ndipo nikaanza kuonja utamu wa freti kubwa. Kupinda uzi ni kitu kingine kabisa: ncha ya kidole inaingia pembeni ya uzi na kuushika, haisuguani na ubao. Hapa Pwani, kwa joto na jasho letu, ubao huwa unanata kufikia wimbo wa tatu, na kukigusa kidogo tu kile kinachonata ni nafuu kubwa. Lakini kuburuza noti mbili kutoka freti ya 5 mpaka ya 12 bado sikupendi. Ukikaza hata kidogo, kila freti unaipanda kama tuta la barabarani.

Kwa maoni yangu watu wanazungumza mno kuhusu upana, wakati kinachobadilisha mkono ni kimo. Upana nausikia zaidi freti ikianza kulika: freti pana ikishakuwa bapa juu, haieleweki uzi unakaa wapi hasa. Wala freti fupi si ugonjwa. Gibson Les Paul Custom ya miaka ya 1950 ilipewa jina la utani la gitaa la ajabu lisilo na freti kwa jinsi zilivyokuwa chini, na wapo walioipenda kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka huu nikamwomba mzee aniwekee freti mpya kwenye gitaa la zamani. Nilichagua nyembamba ila zenye kimo, upana 2.3 na kimo 1.4. Nilikaa naye siku nzima. Alizipasha moto moja moja kwa chuma cha kulehemu, akazing'oa kwa koleo polepole ili ubao usibanduke vipande, akagonga mpya, akazisawazisha kwa tupa, kisha msasa mlaini mpaka zikang'aa. Kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi kule kichwani ikabidi kibadilishwe nacho, kwa kuwa freti ya kwanza sasa iliinuka na nyuzi zilikuwa zinaigonga.

Jumbo nalitumia kwa nyimbo za taratibu, zile ambazo uzi unapindwa na kuachwa ulie. Sebene nimeirudisha kwenye gitaa la zamani. Tyuna bado ninaiacha imebanwa kichwani hata jukwaani, na katikati ya wimbo huwa naitupia jicho kuangalia mshale.