"Alikuwa na mwaka": jibu linaloharibu takwimu za vifo vya watoto

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto (TDHS) wa 2015-16 uliipa Tanzania vifo 67 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000. Wa 2022 ukatoa 43. Lengo la dunia ni 25 ifikapo 2030, kwa hiyo watu wakapiga makofi. Mimi hukimbilia mstari wa vichanga, wale wa mwezi wa kwanza: vifo 25 mwaka 2015-16, kisha 24 mwaka 2022. Hapo ndipo tulipokwama.

Namba hizi hutoka kinywani mwa mama. Mdodosaji huorodhesha watoto wote aliowazaa, na kwa kila aliyefariki huuliza umri: chini ya mwezi huandikwa kwa siku, chini ya miaka miwili kwa miezi. Mama akisema "alikuwa na mwaka", usikimbilie kuandika miezi 12. Uliza: alishaanza kutembea? Ilikuwa kabla ya masika? Miezi 11 huhesabiwa kwenye vifo vya chini ya mwaka mmoja, 12 haihesabiwi. Uvivu huo hushusha kiwango cha vifo vya chini ya mwaka mmoja bila mtoto yeyote kupona.

Baya zaidi ni kichanga aliyelia mara moja akafa, kisha akaandikwa amezaliwa mfu. Uliza kila mara: alilia? Alipumua? Alijitikisa?

Na mama naye akiwa amefariki, hakuna wa kuhojiwa.